Kamera Igeuzayo Shingo

Asimamaye mahali palipoinuka pale Singe wakati wa alasiri, akauona Mlima Kwaraa upande mmoja na Ziwa Babati upande wa pili, na baina yao mashamba ya mbaazi, mapaa ya bati na barabara kuu, hatosheki kwa kukodoa macho mbele yake tu, bali hana budi kugeuza shingo, taratibu, kama mtu asomaye khati ndefu iliyoandikwa ukutani.

Kamera za kawaida hazina adabu hiyo. Hufumbua jicho, hufumba, zikaridhika na kipande. Widelux inayo, nami naisifu kwayo.

Iliundwa na Panon, kampuni ndogo ya Tokyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Asili ya hila yake ni ya kale zaidi, kwani Wamarekani walikwisha kuuza kamera za namna hiyo kabla karne ya 20 haijaingia. Lakini mafundi wa Panon waliikusanya hikima ile yote ndani ya chombo cha kushika mkononi, kitumiacho filamu ya kawaida ya milimita 35. Lenzi imekaa ndani ya silinda. Ukibonyeza kitufe, springi huizungusha silinda ile, na nuru hupenya katika mwanya mwembamba mfano wa ufa wa mlango, ikaipangusa filamu iliyolazwa nyuma kwa mpindo, hata pembe ya nyuzi 140 ikaenea katika picha moja. Betri haina. Filamu ya picha 36 hutoa 21 tu, hasara ambayo sijapata kuijutia.

Lakini kinishughulishacho zaidi ya upana ni wakati. Katika kasi iliyo ndogo kuliko zote, silinda hujivuta hata upande mmoja wa picha ukazaliwa kabla ya mwenzake. Ndipo Jeff Bridges, mwigizaji wa Marekani aliyeipenda mno kamera hii, alipoweza kumpiga picha mtu mmoja amenuna huku, na yule yule, akiisha kukimbia nyuma ya kamera, akicheka kule, katika picha moja isiyounganishwa. Simu za leo hudai kufanya kama hayo, ila zenyewe hushona viraka.

Mimi niliazimwa moja kwa siku mbili. Picha ya kwanza ilitoka na vidole vyangu viwili, maana huona hata mkono uishikao. Ya pili niliinamisha kamera pasipo kuangalia pima maji iliyo juu yake, ziwa likapinda kama ukingo wa bakuli. Ya tatu ninayo hata leo: pembeni kabisa yumo mchunga ng'ombe ambaye, wallahi, sikumwona nilipobonyeza.

Widelux ya mwisho ya Panon, F8, ilikoma kuundwa yapata mwaka 2000. Basi wewe uliyerithi moja, ikalala kabatini huko Babati, Tanga au Maskati, usiiache ikae kimya: mafuta yakiganda silinda hujikwaa, na kila kujikwaa huacha mstari wa wima katika picha. Izungushe japo mara moja kwa mwezi, hata bila filamu. Na kama imekuchosha, niazime. Mara hii nitachunga vidole.