Filme ya Munganga Mukwege na kichwa chake

Ndugu tuliomaliza masomo ya afya hapa Lubumbashi, nimeangalia tena filme ya Thierry Michel ya 2015, L'homme qui répare les femmes. Ni filme muzuri, inaumiza roho. Lakini kichwa chake kinanisumbua: «Mwanaume anayetengeneza wanawake». Kama vile alianguka kutoka mbinguni na kisu mkononi!

Munganga Mukwege alimaliza masomo Bujumbura mwaka wa 1983. Akafanya kazi Lemera, akaona bamama wanakufa na uzazi. Njo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uganga wa wanawake, na 1989 akarudi Lemera. Swali lilitoka Lemera, na jibu likarudi Lemera. Huko ndiko kubadilishana masomo.

Na siye? Wanafunzi wa Ulaya wanakuja staji ya wiki chache, tunapiga picha, wanarudi kwao. Wetu wakienda, wengi hatuwaoni tena. Siwalaumu, mishahara ya huku tunaijua. Lakini mbele ya kusindikiza mutu Luano, tumuulize: unaenda kumutafutia nani jibu? Kisha tumuchungie kazi ya kurudilia.