KAULI YA “ISIPOKUWA”: UHAKIKI WA VIGHAIRI KATIKA KANUNI ZA KUSAFIRISHA MAADA YA NYUKLIA

Si desturi ya wahakiki kuzishughulikia kanuni za uchukuzi. Matini ya aina hiyo huachiwa mawakili na wahandisi, kwa imani kwamba lugha iliyomo haina la kuchambuliwa. Imani hiyo si sahihi. Yapo matini ambamo udhaifu wa sentensi moja waweza kuhatarisha maisha ya watu, na miongoni mwayo ni kanuni za usafirishaji salama wa maada yenye mionzi, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1961 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na kurekebishwa mara nyingi baadaye. Makala haya yanakusudia kuchunguza sehemu moja tu ya kanuni hizo, nayo ni vighairi vinavyohusu maada ambayo viini vyake huweza kupasuliwa na nutroni.

Kwanza yafaa kueleza kiini cha hatari yenyewe. Kanuni zinataja aina nne: urani-233, urani-235, plutoni-239 na plutoni-241. Nutroni ikigonga kiini cha mojawapo, kiini hupasuka na kutoa nutroni nyingine, ambazo nazo huweza kupasua viini vingine. Maada ikikusanyika ya kutosha, katika umbo na mazingira yanayofaa, mfululizo huo hujiendesha wenyewe na kutoa mionzi ya kuua kwa muda mfupi mno. Ndiyo sababu vifurushi vya maada hiyo huwekewa masharti makali ya muundo na idadi. Lakini maabara inayotuma gramu moja haiwezi kutendewa sawa na kiwanda kinachotuma kilo nyingi. Na hapo ndipo kauli ya “isipokuwa” inapoingia.

Tatizo la kwanza la Kiswahili ni jina la maada yenyewe. Kuiita “maada inayopasuka” ni kupotosha, kwani kitenzi “pasuka” humpa msomaji picha ya kitu kinachojipasukia, mfano wa mpira wa gari. Mnyambuliko wa “pasulika” unafaa zaidi, kwa kuwa unabeba maana ya uwezekano: kitu kikikutana na kingine, chaweza kupasuliwa. Hata hivyo, si kila kipasulikacho kimo katika orodha. Urani-238 nayo hupasuliwa na nutroni zenye kasi kubwa, lakini haimo. Aidha, urani ya asili, ambayo huwa na takribani asilimia 0.7 ya urani-235, imetolewa nje ya fasili ikiwa haijawahi kutumika katika tanuri la nyuklia. Kwa hiyo fasili yenyewe imekwisha kuwa kighairi kabla vighairi vyenyewe havijaanza.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi: kighairi hiki ni cha kutoka katika nini? Mfasiri mwepesi ataandika “msamaha”, kwa kufuata mazoea ya “msamaha wa kodi”. Neno hilo litamdanganya mpakizi na dereva. Kifurushi kilichotajwa katika vighairi hivi kimeondolewa katika masharti yanayohusu mfululizo wa mipasuko tu. Masharti yanayohusu mionzi yake yanabaki palepale. Aliyesamehewa, katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, hana deni tena. Kifurushi hiki bado kina deni. Afadhali basi kusema “kisichohusika na sharti fulani”, hata kama maneno yatazidi, kuliko kutumia neno moja tamu lisilo kweli.

Uzito wa vighairi unaonekana vizuri zaidi katika kauli za “mradi”. Kimojawapo kinaihusu urani iliyorutubishwa hadi asilimia 1 ya urani-235. Urani hiyo haifungwi na masharti maalumu, mradi plutoni na urani-233 zisizidi asilimia 1 ya uzito wa urani-235, mradi viini hivyo vimetawanyika kwa usawa, na mradi, ikiwa katika hali ya metali, oksidi au kabaidi, isipangwe kama kimia. Msomaji asiyejua fizikia ataliona sharti hilo la mwisho kuwa pambo. Lakini tarehe 2 Desemba 1942, mjini Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia kwa kutumia urani ya asili, isiyorutubishwa hata kidogo, iliyopangwa kwa vipande katikati ya matofali ya grafiti. Urani hiyohiyo ingesagwa na kuchanganywa sawasawa na grafiti, tanuri lisingewaka. Tofauti yote ilikuwa katika mpangilio. Mfasiri akiyaacha maneno ya kimia kwa kudhani ni ziada, atakuwa ameondoa ukuta na kubakiza mlango.

Pamoja na ukali wake, lugha ya vighairi imewahi kushindwa. Nchini Marekani, kanuni ya zamani ilikitoa kifurushi katika masharti endapo hakikuwa na zaidi ya gramu 5 za maada hiyo katika kila lita 10 za ujazo. Tarakimu ni wazi na sarufi haina dosari. Hata hivyo, mwezi Februari 1997 Tume ya Usimamizi wa Nyuklia ya nchi hiyo ililazimika kutoa marekebisho ya dharura, baada ya kubainika kwamba urani iliyorutubishwa sana, ikiwa imechanganyika na oksidi ya berili, ingeweza kutimiza kila neno la kighairi na bado ikawa na hatari. Waandishi walikuwa wamekadiria kwamba kijazacho kifurushi kingekuwa kitu cha kawaida chenye kumeza baadhi ya nutroni. Berili, grafiti na maji mazito hupunguza kasi ya nutroni bila kuzimeza sana. Kanuni ilimpima mgeni mmoja kwa makini ikasahau kuuliza aliyefuatana naye. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Marekebisho ya mwaka 2004 yaliziba pengo hilo kwa namna inayostahili kusifiwa na mhakiki wa lugha. Mojawapo ya vighairi linataka kila gramu ya maada hiyo iandamane na gramu zisizopungua 200 za vitu vikavu visivyopasulika, na kifurushi kisizidi gramu 15. Kisha likaongeza kwamba risasi, berili, grafiti na vitu vyenye haidrojeni nzito vyaweza kuwamo, ila visihesabiwe. Kuwamo na kuhesabiwa vimetenganishwa. Dhana iliyokuwa moyoni mwa mwandishi sasa imo katika maandishi. Mfasiri naye hapo hana budi kuandika “madini ya risasi”, asije msomaji akafikiri habari ni ya bunduki.

Haya si mambo ya mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania, yenye amana ya urani huko Mto Mkuju, ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kanuni za namna hii zitahitaji kuandikwa kwa Kiswahili. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya kuunda istilahi, na kwamba kamusi ikijaa kazi imekwisha. Mfano wa berili unakanusha dhana hiyo, kwani hapo hapakupungua istilahi hata moja. Kilichopungua ni sharti lililodhaniwa bila kusemwa. Kipimo cha tafsiri njema ya kighairi, basi, ni kama mpakizi, akiisoma peke yake bandarini, ataweza kujua ni sharti gani limeondolewa, ni lipi limebaki, na ni kitu gani hakipaswi kuhesabiwa.