Mamba wa Yobu na Mamba wa Ruzizi

Katika Maandiko Matakatifu wamo wanyama wakali wengi: simba, nyoka, nge, chui, dubu, na yule mnyama mkubwa wa majini ambaye Waebrania walimwita Lewiyatani. Sisi tukaao pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, toka mahali Ruzizi unapoingia ziwani mpaka Uvira na kusini yake, hatuhitaji picha ili kuwajua baadhi yao. Mamba twamwona. Kiboko hutoka usiku kula majani karibu na nyumba zetu. Nyoka wa majini wavuvi humkuta ndani ya nyavu. Kwa hiyo Mkristu wa huku akisikia wanyama hao wakisomwa kanisani, husikia habari za jirani. Hiyo ni faida kubwa, lakini pia ni hatari, na leo twataka kuieleza hatari hiyo, kwa sababu sisi wenyewe tulianguka ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha pwani, tulifundisha Jumapili juu ya vita ya Mkristu na shetani. Tulitaka watu waelewe upesi, tukashika njia ya mkato. Tukasema: nyoka ni shetani, mamba ni shetani, simba angurumaye ni shetani. Watu walisikiliza vizuri, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika. Hazijaisha wiki tatu, mamba alimkamata kijana mmoja jioni alipokuwa akichota maji. Kabla ya matanga kwisha, jina la mama mmoja mzee, mjane, lilikuwa limekwisha kutajwa: ndiye aliyemtuma mamba. Tulipokwenda kuwakataza, mjomba wa marehemu alitujibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, si wewe uliyesema mamba ni shetani? Na shetani hutembea na nani, kama si na wachawi?" Hatukuwa na jibu. Mama yule hakupigwa, kwa kuwa wazee wawili wa kigango walilala mlangoni pake. Lakini ilimpasa kuhamia kwa binti yake, na shamba lake la mihogo likachukuliwa na mtu mwingine.

Habari kama hiyo si ya kigango kimoja. Mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu Kusini, wanawake kadhaa walishtakiwa uchawi wakauawa na makundi ya watu. Basi kusoma Maandiko vibaya si kosa la darasani tu. Kwaweza kumwaga damu.

Tufungue Kitabu cha Yobu, ambaye wengine humwandika Ayubu, sura ya 40 na 41. Wafasiri wa Kiswahili hawakupatana hapa. Wengine waliacha majina ya Kiebrania, Behemoti na Lewiyatani. Wengine waliandika kiboko na mamba. Kila njia ina faida na hasara. Asomaye Lewiyatani hufahamu kwamba ni kiumbe cha ajabu, maana kinywani mwake hutoka moto, na mamba wetu hatoi moto. Lakini aweza kudhani kwamba ni hadithi ya mbali isiyomhusu. Asomaye mamba huona magamba yaliyobanana, meno ya kutisha, na tumbo liachalo alama katika matope, naye hujua mara moja kwamba mtunzi alimtazama mnyama wa kweli. Kwa wasomaji wa pwani hii twapenda zaidi neno mamba, kwa sharti moja: tusome sura nzima.

Sura nzima yasema nini? Mungu hamlaani mnyama huyo hata mara moja. Anamsifu, kama fundi asifuvyo kazi ya mikono yake. Anamwuliza Yobu kama aweza kumvua kwa ndoana, au kumfunga kamba ili wasichana wa nyumbani wacheze naye. Yobu hawezi, ni Muumba peke yake awezaye. Vivyo hivyo sura ya kwanza ya Mwanzo yawahesabu wanyama wakubwa wa majini pamoja na viumbe ambavyo Mungu aliviona kuwa vyema.

Tena angalieni mahali sura hizo zilipowekwa. Kabla yake, rafiki za Yobu wametumia maneno mengi sana wakitafuta mkosaji. Watoto wamekufa, mali imepotea; basi lazima yuko mwenye hatia, naye ni Yobu mwenyewe. Baada yake, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia rafiki hao watatu, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli. Yaani kitabu kile kile chenye habari ya mamba ndicho kinachowakemea watu waliokaa na mfiwa na kuanza kutafuta wa kulaumiwa. Tulikisoma miaka mingi bila kuliona jambo hilo.

Mtakatifu Luka atoa fundisho lile lile katika Matendo ya Mitume, sura ya 28. Mtume Paulo ameokoka baharini, amefika Malta, aokota kuni, na nyoka amwuma mkono. Mara watu wa kisiwa wahukumu kwamba ni mwuaji anayefuatwa na haki. Walipoona hakufa, waligeuka wakasema ni mungu. Wamekosa mara mbili kwa nyoka mmoja! Na tusidhani walikuwa watu wabaya. Ndio waliowawashia moto wageni wenye baridi na kuwapokea kwa wema mkubwa. Walikuwa watu wakarimu kama majirani zetu, nao wakamhukumu mtu kwa sababu ya jino la nyoka.

Msomaji atauliza: Je, Mababa wa Kanisa hawakumwona shetani katika Lewiyatani? Walimwona. Mtakatifu Gregori Mkuu aliandika maelezo ya vitabu 35 juu ya Yobu, na wavuvi wetu watapenda kusikia fundisho lake kuhusu ile ndoana. Ubinadamu wa Yezu Kristu ulikuwa chambo, na Umungu wake ulikuwa ndoana iliyofichwa. Shetani alimeza chambo msalabani, akanaswa. Basi anayemwona shetani katika mamba wa Yobu, kwa mafundisho ya Mababa, amwona shetani aliyekwisha kunaswa na Kristu. Haoni shetani anayetumwa na bibi kizee wa jirani. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba maana za kiroho zote husimama juu ya maana ya maneno yenyewe. Sisi tulijenga paa kabla ya msingi.

Kwa kweli mnyama peke yake hatuambii maana yake. Simba katika barua ya kwanza ya Petro ni mfano wa shetani. Katika Ufunuo, Simba wa Yuda ni Kristu. Nyoka alimdanganya Eva. Lakini Bwana wetu awataka mitume wawe na busara ya nyoka, tena ajifananisha na yule nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani.

Na nabii anapomfananisha mwanadamu na mnyama wa mtoni, amchagua nani? Someni Ezekieli, sura ya 29. Ni Farao, alalaye katikati ya mito yake na kujisifu kwamba mto ni mali yake, yeye ndiye aliyeufanya. Nabii hakumtafuta mjane asiye na mtetezi. Alimwelekea mwenye enzi.

Nasi twajua kwamba mwanadamu aweza kujifanya mnyama. Mwaka 1964 waasi waliopita katika nchi hii walijiita Simba. Tarehe 28 Novemba mwaka ule, huko Baraka, waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Na huko Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Kanisa liliwatangaza wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Waliowaua hawakuwa na makucha wala magamba.

Watu wa ng'ambo nao hupenda kumtwika mnyama mmoja mizigo ya wengi. Yule mamba wa Ruzizi na wa ziwa aliyepewa jina la Gustave alitengenezewa filamu, akasemwa kuwa ameua mamia ya watu, hesabu ambayo haikuthibitishwa. Habari zake zilienea dunia nzima wakati Burundi ilipokuwa vitani, na wengi walijua jina la mamba bila kujua jina hata la mmoja wa waliokufa kwa risasi.

Basi, walimu wa dini wenzetu, tufanye nini? Kwanza, tusimtaje mnyama kuwa mfano kabla ya kueleza kwamba ni kiumbe cha Mungu. Pili, msiba wa mamba ukitokea, tuulize maswali ya kweli: watu huchota maji wapi, saa ngapi, na kwa nini lazima wayafuate ziwani? Mamba huvizia penye maji machache, hasa jioni na usiku; uzio wa miti imara na kwenda wengi pamoja mchana huokoa watu, na kumfukuza mjane hakumwokoi yeyote. Tatu, jina la mtu likitajwa matangani, tufike nyumbani kwake kabla ya wengine.

Katika kigango kile tulifundisha tena Kitabu cha Yobu, safari hii mpaka sura ya mwisho, tukakiri mbele ya wote kwamba tulikosa. Wiki iliyofuata watu walikata miti ya uzio wa pale pa kuchotea maji, na mjomba wa marehemu alikuwa wa kwanza kuleta panga lake. Lakini mama yule hajarudi. Twamwomba msamaha hapa. Na kwa kuwa hajui kusoma, tutakwenda kumwambia kwa kinywa chetu.