Jicho Moja Lichomwe, la Pili Lisubiri

Mgonjwa wa kisukari aliyejiunga na utafiti mmoja wa macho wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipewa sharti gumu: jicho lako moja tutalichoma kwa mwanga, la pili hatutaligusa. Lipi? Kura itaamua.

Ukatili? Mimi naona ndipo penye akili yote ya kazi ile. Leza ilikuwa tayari inatumika. Francis L'Esperance alianza kutibu retina kwa leza ya agoni mwaka 1968. Lakini kila daktari alikuwa na hadithi zake za waliopona na waliopofuka, na hadithi hazilinganishwi. Mgonjwa mmoja sukari yake imetulia, mwingine ana shinikizo la damu, wa tatu ameugua miaka 20. Macho mawili ya mtu mmoja, kinyume chake, yanakunywa damu ileile. Mgonjwa akawa kipimo cha nafsi yake. Wagonjwa zaidi ya 1,700 walikubali, katika vituo 15.

Kabla ya kuchoma, ilibidi kuona. Kila jicho lilipigwa picha katika maeneo saba ya retina, mbilimbili ili kina kionekane, na filamu zikapelekwa Madison, Wisconsin, kusomwa kwa kigezo kimoja. Ipo pia picha ya rangi ya fluoresini: rangi hiyo inadungwa mkononi, na baada ya sekunde chache inawaka ndani ya jicho, ikivuja pale penye mishipa mibovu. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1961 na wanafunzi wawili wa udaktari wa Indiana, Novotny na Alvis. Walirusha sarafu kujua nani adungwe kwanza. Alvis akashindwa, akatoa mkono.

Uchomaji wenyewe unashangaza. Daktari aliyetumia agoni hakulenga tu mishipa mipya ya damu ambayo kisukari huotesha kwenye retina. Alitawanya alama 800 hadi 1,600 pembezoni mwa retina, kila moja na upana wa nusu milimita, kwa sehemu ya kumi ya sekunde, akikwepa kitovu kinachosoma herufi. Yaani aliua sehemu ya retina ili kuokoa iliyobaki. Wengine walichomwa kwa taa ya zenoni, iliyopunguza zaidi uoni wa pembeni, na ndiyo maana agoni ikashinda.

Kushindwa kwa jicho nako kulipewa maana isiyo na ubishi: jicho lisilosoma kwa futi 5 kile ambacho jicho zima hukisoma kwa futi 200, na liwe hivyo katika vipimo viwili mfululizo, miezi minne kati yake. Baada ya miaka miwili, macho yaliyoachwa yalifika huko kwa asilimia 16.3. Yaliyochomwa, 6.4. Mwaka 1976 waandaaji hawakusubiri utafiti ukamilike: walibadili utaratibu ili jicho lililokuwa likisubiri nalo liweze kutibiwa.

Kwa nini kuchoma kulisaidia? Wakati ule wengi walikisia tu. Seli za retina zina njaa kubwa ya oksijeni. Ukipunguza walaji, waliobaki wanashiba, na kilio cha kuomba mishipa mipya kinanyamaza. Kilio hicho ni protini, VEGF. Mwaka 1994 Lloyd Paul Aiello wa Boston na wenzake walionyesha kwamba imejaa ndani ya macho yenye mishipa hiyo, na kwamba baada ya leza kufanya kazi inapungua. Baba yake, Lloyd M. Aiello, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchoma macho hayo.

Leo zipo sindano za kuizima VEGF moja kwa moja, na mwaka 2015 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kuwa haziko nyuma ya leza. Ila nguvu ya sindano huisha baada ya wiki kadhaa, na mgonjwa anapaswa kurudi. Kovu la leza linabaki hata kama nauli ya basi imekosekana.