Kapasita ya Nanofaradi 100

Kompyuta imemaliza kutafsiri programu bila kulalamika, kisha yanatokea maandishi mekundu: “stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00”. Anayejifunza kwa Arduino Uno au Nano hukutana na ujumbe huu mapema, na wengi hufanya jambo lilelile: hurudi kwenye msimbo wakafuta mstari huu, wakaongeza ule, wakabonyeza tena kitufe cha kupakia. Jioni nzima inaweza kuishia hapo. Lakini ujumbe huo hautoki kwa kitafsiri, ambacho kilishaikubali programu. Unatoka kwa avrdude, chombo chenye kazi ya kuupeleka msimbo uliokwisha kutafsiriwa hadi ndani ya chipu, na kinachosema ni kwamba kimebisha hodi mara kumi na hakuna aliyeitika.

Kwa nini hakuna aliyeitika? Swali hili lina majibu machache yanayoweza kupimwa moja baada ya jingine, mradi mtu ajue hodi yenyewe hupigwaje.

Chipu ya Uno, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kumbukumbu ya fleshi. Mwishoni mwa kumbukumbu hiyo, katika baiti 512 tu, inakaa programu ndogo iitwayo Optiboot. Hiyo ndiyo butiloda, yaani programu inayopokea programu nyingine na kuiandika mahali pake. Pini ya RESET inapogusishwa GND kisha ikaachiwa, Optiboot huanza kufanya kazi kabla ya kitu kingine chochote. Husikiliza laini ya siriali kwa muda wa kama sekunde 1. Isiposikia neno, huiachia programu yako iendelee. Avrdude kwa upande wake hutuma baiti mbili, 0x30 na 0x20, kisha hungoja 0x14 na 0x10. Baiti hizo zikirudi, kazi imeanza. Kwa hiyo kupakia ni suala la miadi: kompyuta lazima iseme ndani ya ile sekunde moja ambayo butiloda inasikiliza.

Arduino ilipoanza mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, miadi hiyo iliwekwa kwa kidole. Ulibonyeza kitufe cha RESET, ukawahi kubofya kupakia, na butiloda za wakati huo zilisubiri sekunde kadhaa ili kukupa nafasi. Mabadiliko yalikuja mwaka 2007 na bodi ya Diecimila. Wasanifu wake walichukua waya wa DTR kutoka kwenye chipu ya USB, FT232RL, wakaufikisha kwenye pini ya RESET kupitia kapasita ya nanofaradi 100. Kapasita hiyo ni ya bei ndogo mno, na nadhani ndiyo iliyowafungulia mlango watu wengi kuliko kipengele kingine chochote cha bodi hizi, kwa sababu tangu hapo mwanafunzi alihitaji kubofya tu.

DTR ni urithi wa RS-232, kiwango cha miaka ya 1960, ambapo waya huo uliiambia modemu kwamba kompyuta iko tayari. Programu inapofungua laini ya siriali, DTR hushuka kutoka volti 5 hadi 0, na hubaki chini muda wote laini ikiwa wazi. Hapo ndipo penye ufundi. Waya ukiunganishwa moja kwa moja na RESET, chipu itashikiliwa muda wote huo na butiloda haitaamka kamwe. Kapasita hupitisha badiliko la volti, haipitishi volti iliyotulia. DTR inaposhuka, RESET huvutwa chini pamoja nayo. Kisha rezista ya kiloomu 10 iliyounganishwa na volti 5 huanza kuipandisha tena. Kiloomu 10 mara nanofaradi 100 ni milisekunde 1. Chipu inahitaji mpigo wa mikrosekunde 2.5 tu, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha, na muda mfupi baadaye butiloda iko macho huku avrdude akianza kubisha.

Kuna deni dogo linalokuja na mbinu hii. Laini inapofungwa, DTR hupanda tena kutoka 0 hadi 5 wakati RESET tayari iko 5, na kapasita huisukuma RESET juu ya kiwango chake. Kwa chipu hii volti 12 kwenye RESET ni amri ya kuingia katika hali maalumu ya kuandikwa, ndiyo maana bodi iliyosanifiwa vizuri huweka diodi ya kuishusha volti ya ziada kwenye njia ya volti 5. Deni la pili linamgusa mtumiaji moja kwa moja: kufungua dirisha la siriali nako hushusha DTR. Aliyetengeneza mita ya kuhesabu maji huona hesabu ikirudi sifuri kila anapounganisha kompyuta, akadhani programu yake ina kasoro. Bodi imeanzishwa upya tu.

Tukishajua mnyororo huu, tunaweza kuukata katikati na kuuliza kila upande unasemaje. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Bonyeza RESET kwa mkono uangalie taa ya L iliyo kwenye bodi. Optiboot huimulikisha haraka mara chache inapoamka. Ikimulika, chipu ni nzima na butiloda ipo. Sasa bofya kupakia bila kugusa kitufe. Taa isipomulika, tatizo liko kwenye njia ya DTR, na unaweza kupakia hivyohivyo kwa kubonyeza RESET mara tu kompyuta inapoandika kwamba inapakia. Hali hii ni ya kawaida kwa Pro Mini, ambayo haina chipu ya USB na hutegemea adapta ya pembeni. Adapta nyingi za bei nafuu zina pini nne tu, za umeme, GND, TX na RX. DTR haipo, basi kidole kinarudi kazini.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linaitenga kabisa chipu kuu. Unganisha RESET na GND kwa waya ili chipu isiseme lolote, kisha unganisha pini 0 na pini 1. Fungua dirisha la siriali, andika herufi chache na utume. Zikirudi kama ulivyoziandika, basi kebo, draiva, chipu ya USB na namba ya laini uliyoichagua vyote ni vizima, na huna haja ya kuvifikiria tena. Zisiporudi, kosa liko upande wa kompyuta, na hakuna msimbo utakaolitibu.

Upande huo wa kompyuta una wakosaji wachache wanaojulikana. Kebo nyingi zinazokuja na taa au spika zina nyaya mbili za umeme tu badala ya nne. Bodi huwaka vizuri lakini kompyuta haijui kwamba kuna kitu kimechomekwa. Bodi nyingi zinazouzwa kwa bei ya mwanafunzi, Kariakoo au Nairobi, hutumia chipu ya CH340 na kompyuta ya zamani ya Windows inaweza kukosa draiva yake. Kwenye Linux mara nyingi mtumiaji anapaswa kuwa katika kundi la dialout. Na Ubuntu 22.04 ilileta kisa cha pekee: brltty, programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya maandishi ya nukta nundu, iliitambua CH340 kuwa ni kifaa chake kwa sababu namba ya utambulisho, 1a86:7523, ni ileile. Bodi huonekana kwa nukta moja, kisha laini ya ttyUSB0 hutoweka. Asiyeitumia brltty huiondoa na mambo yakatengemaa. Anayeihitaji arekebishe sheria ya udev badala ya kujinyima chombo chake.

Herufi zikirudi na taa ya L ikimulika, lakini avrdude bado hajibiwi, kasi ya mazungumzo ndiyo ya kutazamwa. Optiboot ya Uno huzungumza kwa baudi 115200. Butiloda ya zamani ya Nano huzungumza kwa 57600. Nano rasmi zilibadilishiwa butiloda mwaka 2018, lakini nakala nyingi bado huja na ile ya zamani, na kuichagua kwenye menyu ya “Processor” hutatua jambo hilo papo hapo. Uwezekano mwingine ni moduli ya Bluetooth au ya GPS iliyochomekwa kwenye pini 0 na 1. Kwenye Uno, chipu ya USB hufika pini hizo kupitia rezista za kiloomu 1, kwa hiyo kifaa kilichounganishwa moja kwa moja kina nguvu zaidi na huizima sauti ya kompyuta. Kichomoe, pakia, kirudishe.

Wakati mwingine chipu hujibu, lakini kwa jina lisilotarajiwa. ATmega328P hujitambulisha kwa baiti 1E 95 0F. Ndugu yake asiye na P hutoa 1E 95 14, na avrdude hukataa kuendelea. Mwenye chipu kama hiyo asihangaike na waya hata mmoja. Amwambie avrdude jina sahihi tu.

Kwenye bodi za ESP32 mambo yanageuka, na hapa ushauri unaopitishwa kwa mdomo huwapoteza watu. ESP32 haina haja ya kulinda butiloda kwenye fleshi, kwa sababu butiloda yake ya kwanza imechongwa ndani ya ROM. Inachotaka ni pini ya GPIO0 iwe chini wakati pini ya EN, ambayo ndiyo reset yake, inapopanda. Kwa hiyo kompyuta inahitaji nyaya mbili, DTR na RTS, zinazopitia transista mbili zilizounganishwa kwa kupishana: nyaya zote mbili zikiwa katika hali moja, bodi haiguswi, na dirisha la siriali haliwezi kuiangusha kwa bahati mbaya. Esptool, chombo cha kupakia cha ESP32, kwanza huishusha EN, kisha hubadilisha nyaya ili GPIO0 ishuke na EN iachiwe. Ila nyaya mbili hazibadiliki kwa wakati mmoja. Katikati yake kuna kipindi kifupi ambapo zote ziko katika hali moja, na hapo EN huanza kupanda huku GPIO0 ikiwa bado juu. Kwenye Windows, kutegemea draiva, kipindi hicho hurefuka. Ikiwa EN haina kapasita ya kutosha kuichelewesha, chipu huamka mapema, huiona GPIO0 iko juu na kuendesha programu ya zamani, na esptool huishia kusema “Wrong boot mode detected (0x13)”.

Tiba yake ni kapasita kati ya EN na GND. Mikrofaradi 1 pamoja na rezista ya kiloomu 10 hutoa kama milisekunde 10, muda unaoweza kulipita pengo hilo. Wengi hutumia hadi mikrofaradi 10. Asiye na kapasita hushikilia kitufe cha BOOT mpaka upakiaji uanze. Sasa mtu achukue kapasita hiyohiyo ya mikrofaradi 10 aiweke kati ya RESET na GND ya Uno. Atakuwa ameua upakiaji kabisa: badiliko la volti 5 la DTR litagawanywa kati ya nanofaradi 100 na mikrofaradi 10, na RESET itatikisika kwa volti 0.05 tu. Jambo hilo hufanywa kwa makusudi Uno inapotumiwa kuandika chipu nyingine, au mwenye ile mita ya maji anapotaka hesabu yake isiguswe. Kipande ni kilekile, nia tofauti. Anayeshauri kuweka kapasita bila kutaja bodi anamtuma mwenzake gizani.

ESP32 ina mtego mmoja zaidi unaofanana na huu kwa sura. GPIO12 husomwa wakati wa kuamka ili kuamua volti ya fleshi. Moduli ya kadi ya SD ikiivuta juu, chipu huchagua volti 1.8 na fleshi ya volti 3.3 haisomeki. Bodi inaonekana imekufa, kumbe ukichomoa waya mmoja inafufuka.

Hadi hapa nimesema msimbo hauhusiki, na kwa Uno na ESP32 ya kawaida ni kweli, kwa kuwa mazungumzo ya USB hufanywa na chipu nyingine. Kwa bodi za Leonardo na Pico si hivyo. Chipu moja huendesha programu yako na USB pia. Kompyuta huomba butiloda kwa kufungua laini kwa baudi 1200 na kuifunga, na ombi hilo hupokelewa na programu iliyomo. Programu ikikwama au ikizima USB, hakuna wa kulipokea. Leonardo hupewa nafasi ya sekunde 8 kwa kubonyeza RESET wakati kompyuta inapoanza kupakia. Pico, iliyotoka Januari 2021, ina suluhisho imara zaidi: butiloda yake imo kwenye ROM, na ukiichomeka huku umeshikilia BOOTSEL hujitokeza kama diski iitwayo RPI-RP2, bila kujali fleshi ina nini. Hakuna programu mbovu inayoweza kuifuta njia hiyo. Kasoro ni kwamba Pico ya kwanza haina kitufe cha reset, kwa hiyo kila safari ni kuchomoa na kuchomeka kebo mpaka kichwa cha USB kilegee. Kitufe kati ya pini ya RUN na GND humaliza tabu hiyo.

Vijana wetu wameanza kusanifu bodi zao wenyewe, za umwagiliaji, za mizani, za mita. Nawaomba wasifute vitufe viwili, cha reset na cha BOOT, ili kuokoa milimita chache, waache nafasi ya kapasita pale EN, na watoe pini ya DTR hata kama bidhaa ya mwisho haitaihitaji. Fundi atakayetumwa shambani kubadilisha programu atakuwa na laptopu, kebo, na saa chache za mwanga.