Tovuti Rahisi, Lakini kwa Nani?

Mwaka 2000 Mmarekani Steve Krug alichapisha kitabu kuhusu uundaji wa tovuti. Hoja yake kuu ni kwamba ukurasa mzuri haumlazimishi mtumiaji kukaa akifikiri abofye wapi. Kwa kipimo hicho tunapenda kuitathmini Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo wanafunzi wetu hapa Uganda huitumia.

Sifa zake si haba. Kurasa zina umbo moja: kichwa juu, maelezo mafupi, kisha sehemu zenye vichwa vidogo. Viungo vina rangi ya buluu, na neno lenyewe ndilo kiungo. Anayesoma kuhusu ziwa hubofya jina la mto au nchi na kuendelea, tofauti na tovuti zilizojaa "bofya hapa" bila kueleza huko kuna nini. Vitufe navyo hufundisha: mwanafunzi anayekutana na "Hariri" na "Majadiliano" kila mara, msamiati huo humkaa kichwani.

Kasoro tunaiona kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa kawaida mapendekezo yake hufuata herufi za mwanzo wa neno. Mpango huo unakifaa Kiingereza, ambacho wingi wake aghalabu huonekana mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kiti huwa viti, jino huwa meno. Anayeandika neno katika wingi, ilhali kichwa cha makala kiko katika umoja, huenda asipendekezewe makala hiyo isipokuwa mhariri ameweka ukurasa wa kumwelekeza. Mzawa wa lugha hurekebisha bila hata kutambua. Anayejifunza hudhani makala haipo, akahamia Kiingereza.

Hasara hiyo si ndogo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi hao watahitaji matini ya kusoma nje ya darasa.

Dawa imo mikononi mwetu, kwani Wikipedia huhaririwa na yeyote. Walimu wanapofundisha ngeli, wawape wanafunzi nomino kumi za wingi, wazitafute, na penye pengo waunde ukurasa wa kuelekeza. Watakuwa wamefanya zoezi la sarufi, na aliye nyuma yao atakuta njia imefyekwa.