Mivinje ya Barbados, Mivinje ya Kilwa

Wapenzi wa ushairi wa bahari tumezoea kukiona chombo kikiwa fumbo: chombo ni dola, chombo ni mapenzi, chombo ni mwanadamu na safari yake duniani. Katika shairi refu la Derek Walcott, "The Schooner Flight", lililotoka mwaka 1979 katika diwani yake The Star-Apple Kingdom, chombo ni chombo kwanza. Kina nahodha, kina mpishi mwenye maneno, kina kazi ya kufanya. Baharia Shabine, mtu wa damu mchanganyiko, anaondoka Trinidad akiwaacha mkewe, watoto, hawara yake Maria Concepcion na serikali iliyomchosha. Anapanda kaskazini kisiwa baada ya kisiwa: Barbados, kisha Castries ya Saint Lucia, alikozaliwa mtunzi mwenyewe mwaka 1930, kisha Dominica, kisha tufani.

Pepo za huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, hazigeuki kama kusi na kaskazi zetu. Hata hivyo, kisiwa kuzama upande wa tezi na kingine kuchomoza omo ni jambo analolijua kila baharia wa Unguja, Pemba na Mafia. Kwa msamiati wa safari hiyo lugha yetu haina njaa. Ila mfasiri asighafilike akaigeuza merikebu ya Walcott kuwa jahazi. Skuna huvuta matanga yake nyuma ya milingoti, wala haina foromali ndefu iinamayo kuelekea omo. Wala nisingemshauri mtu ailazimishe mishororo yake, yenye vina vinavyokuja na kwenda, iingie katika mizani kumi na sita. Wanaochukia guni watanisamehe.

Uzito wa kazi hii uko katika sehemu ya tano na ya sita. Katika ya tano Shabine anakutana na mizimu ya merikebu: kwanza za maamiri wa vita, halafu za watumwa. Anawaita wazee wake walio chini ya sitaha, nao wako chini mno kumsikia. Mara tu baada ya hapo anaitazama miti ya vilima vya Barbados, miti yenye majina matatu, na kila jina limetoka kwingine. Hoja yake ni chungu. Watu huishi kwa kufuata majina waliyopewa, na mtu akifundishwa kuupenda mti wa kwao kwa kuwa unafanana na mti wa bwana wake, pendo hilo ni la daraja la chini.

Basi miti yenyewe ni mivinje. Kiswahili kinalo jina moja, la kwetu, lisilo na shaka. Msomaji mwepesi atasema kwamba hapo tafsiri inakufa, kwa sababu jeraha la majina halipo tena. Mimi naona kinyume. Kuna mji wa pwani uliobeba jina la mti huo: Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 ndiko zilikoteremkia misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, ikipita nchi hizi za Ruvuma, na kutoka hapo watu wakapakiwa majahazini kwenda soko la Unguja. Livingstone alipopanda bonde la Ruvuma mwaka 1866 aliikuta njia hiyo ikifanya kazi. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini mwaka 1873. Wangoni wa huku nao waliteka watu, na hilo halifai kufichwa.

Jina letu, basi, nalo lina jeraha, ila limefunikwa vizuri zaidi. Katika tungo nyingi za bahari nilizosoma kwa Kiswahili nahodha yupo, upepo upo, hata nyota zipo. Aliyefungwa ndani ya tumbo la chombo ni nadra kusikika. Walcott anatudai sauti hiyo, na anaidai bila kuhutubu.

Si kila sehemu inanishika. Maria Concepcion na kitabu chake cha ndoto wanarefusha safari bila faida. Lakini ugomvi na mabaharia ni sehemu ya pekee: mpishi anamnyang'anya Shabine daftari lake la mashairi, wenzake wanalirushiana wakicheka, na mwenye daftari anamaliza mzaha kwa kisu cha shavu la mguu. Kila mtunzi ataelewa.

Katika tafsiri ninayoiandaa hapa Songea nimeandika "mivinje", bila tanbihi. Linalonigomea bado ni jina la merikebu, maana Flight ni kuruka kwa ndege na pia ni kukimbia kwa mtu, na Kiswahili kinanitaka nichague. Nimeelekea Utoro. Leo neno hilo tumewaachia watoto wanaokwepa shule, lakini watoro ndilo jina walilopewa watumwa waliowakimbia mabwana zao katika pwani hii.